Forodhani Si Jiko: Yanayosemwa Kuhusu Kula na Kujifunza Kupika Mjini Unguja

Kila ikikaribia Desemba simu huanza. Ndugu wa Dar, ndugu wa Mombasa, na siku hizi hata binamu yangu aliyezaliwa Muscat, ambaye Kiswahili chake kakipata kwa bibi yake. Wote wana ombi moja: "Tukifika tu, tupeleke Forodhani tukajifunze mapishi ya Kizanzibari." Nawapeleka, sina ubishi. Ila kabla hatujafika huwa nimeshawaambia kwamba wamekosea mlango na wamekosea saa.

"Forodhani ndiko mapishi ya Unguja yaliko, tangu enzi za masultani."

Forodhani chakula kinauzwa. Kazi ya jiko imekwisha mapema: pweza kachemshwa mchana, nyama ya mishikaki imelala kwenye viungo, kachori zimeviringwa, ukwaju umekamuliwa. Ukifika baada ya magharibi unakuta kuchoma, kupasha na kupanga. Ni raha ya macho, lakini hapo umeingia kwenye tamthilia kitendo cha mwisho.

Na huo ukale una mipaka yake. Jina limetokana na forodha, mahali mizigo ya bandari ilipotozwa ushuru. Bustani ilifunguliwa mwaka 1936 kwa jina la Jubilee Gardens, Sultan Khalifa bin Harub alipotimiza miaka 25 ya kutawala. Sura unayoiona leo ni ya ukarabati wa taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, uliomalizika 2009. Wapishi waliovaa kofia nyeupe ndefu si urithi wa Sayyid Said, yule sultani wa karne ya 19.

"Pale ni pa watalii tu, mwenyeji hagusi."

Nenda Jumapili jioni, au siku ya Idi, kisha uniambie. Utaona familia nzima za kutoka Jang'ombe na Mwanakwerekwe zimekaa ukutani, watoto wanaruka baharini mbele yao. Tofauti iko kwenye kinachonunuliwa. Mwenyeji anachukua juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi, bakuli la urojo (rojo la ukwaju linalotiwa bajia na kachori), chipsi, basi. Ile mishikaki ya kamba mti iliyopangwa kama maonesho haimhusu. Anajua kwamba samaki aliyechomwa, akapoa, akachomwa tena hukauka pembezoni na kuwa kama kamba ya katani. Uliza bei kabla hujagusa, kwa Kiswahili, na taja kiasi unachotaka. Hapo mambo huwa mepesi zaidi.

"Zanzibar pizza ni chakula cha asili cha kisiwa."

Jina lilikuja na watalii. Kitu chenyewe ni donge la unga linalotandazwa kwa mafuta mpaka likawa jembamba kama karatasi, likajazwa kima, kitunguu na yai, likakunjwa pembe nne na kukaangwa juu ya chuma. Mtu wa Mombasa akiliona atasema huu ni mkate wa mayai, na mtu wa Yemen atasema hii ni mutabaki. Wote wana haki. Haya ya kutia chokoleti na ndizi ndani ni ya juzi kabisa, na mimi huyala nikiwa nimejificha.

Lakini nikiri hapa: kama kuna kitu kimoja Forodhani inakufundisha hadharani, ni mkono wa yule kijana anayetandaza unga. Kinapikwa mbele yako mwanzo hadi mwisho. Simama kando, mwache ahudumie watatu wanne, tazama vidole.

"Viungo vya Zanzibar vimeota hapa tangu dunia iumbwe."

Ziara ya mashamba ya viungo, kule Kizimbani na Kidichi, ni nusu siku nzuri. Unavunja jani, unanusa, unakisia. Shida ni hadithi wanayorudi nayo watu. Karafuu asili yake visiwa vya Maluku, Indonesia. Ilifika kwetu mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, na ikaenea Sayyid Said alipohimiza ipandwe, kwa jasho la watumwa. Kungumanga inatoka Banda, hukohuko Indonesia. Mdalasini ni wa Sri Lanka, pilipili manga na hiliki ni za kusini mwa India. Vanila na pilipili hoho zimevuka bahari kutoka Amerika. Hata mzingefuri, ule mti ambao wageni hupakwa rangi yake midomoni wakapigwa picha, ni wa Amerika. Yaliyo yetu ni kuvichanganya.

Na nyingi ya karafuu hiyo haitoki Unguja. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya kisiwa hiki kwa maelfu, Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo mama wa karafuu. Ukitaka kuiona ikichumwa na kuanikwa juu ya majamvi mpaka barabara zinukie, panda boti uende Pemba msimu ukifika. Huko utaelewa pia kwa nini si kila mtu anaruhusiwa kuinunua gunia gunia: mkulima huiuzia shirika la serikali, ZSTC.

Zafarani ndiyo kabisa. Ni nyuzi za ua linalotaka baridi na ukavu, Iran na Kashmir huko, hapa haioti. Vile vipakiti vya bei poa vinavyoandikwa zafarani mara nyingi ni maua mengine ya rangi ya chungwa. Tia uzi mmoja kwenye maji vuguvugu. Ikiwa rangi imemwagika palepale na uzi ukabaki mweupe, umenunua rangi. Zafarani ya kweli hutoa rangi polepole, na uzi hubaki mwekundu.

Hapa nina kovu langu mwenyewe. Mara ya kwanza nilipopika pilau Dar, kwa shemeji, nilimtuma kijana dukani akalete bizari. Kwetu ukisema bizari ya pilau unapewa bizari nyembamba, uzile. Kijana akarudi na unga wa manjano, na mimi kwa haraka, jiko la mkaa linanitoa machozi, nikaumwaga. Pilau ikatoka rangi ya jezi ya Yanga. Shemeji, kwa adabu zake, alisema ni nzuri kwa macho. Tangu siku ile namwambia kila anayekuja kujifunza: kabla ya mapishi, jifunze majina. Bizari ya soko letu la Darajani, binzari ya Kariakoo na bizari ya Mombasa zinaweza kukupa vitu tofauti ndani ya mfuko uleule wa karatasi. Nunua nzima, unuse, ndipo utwange.

"Chakula cha pwani ni kikali." Hapana. Kinanukia. Pilipili huwekwa pembeni, kwenye chatne au kachumbari, kila mtu na ulimi wake.

"Supu ya pweza inarudisha ujana." Ina protini nyingi na chumvi ya kutosha. Mengine ni maneno ya muuzaji, na muuzaji anajua wateja wake.

"Ili ujifunze kupika, tafuta darasa la mapishi."

Hapa ndipo penye mambo, kwa sababu madarasa yapo na si mabaya. Mengi ya yale ya wageni yana mpango mmoja: asubuhi mnapelekwa Darajani, mnanunua, mnarudi kwenye nyumba au mgahawa, mnapika wali wa nazi, mchuzi wa samaki na kachumbari, mnakula, mnaagana. Kwa mtu mwenye siku mbili hilo linatosha. Angalau atakuwa ameingia kwenye jengo la soko la mwaka 1904 na kuona samaki wakinadiwa, na pengine ataambiwa kwamba jina Darajani ni la daraja la kweli, lililovuka mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo kabla haujafukiwa.

Wengine hudhani jibu ni chuo. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kinafundisha utalii na ukarimu Maruhubi, na Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina kituo Mwanakwerekwe. Kijana anayetaka kazi ya hoteli aende huko, asipoteze muda. Atafundishwa usafi wa jiko, gharama za sahani moja, kisu kinavyoshikwa, sosi za Kizungu. Lakini atakayetoka pale na cheti bado anaweza kushindwa na mkate wa kumimina, kwa sababu mkate wa kumimina hauna silabasi. Una mchele uliorowekwa usiku, nazi, hiliki, hamira na subira. Una makaa chini, na una makaa juu ya kifuniko, ya kupalia. Anayejua kiasi cha makaa ya juu ni yule aliyeunguza mara tatu.

Kwa hiyo binamu wa Muscat nilimpeleka kwa jirani yetu, bibi mmoja wa Mikunguni, saa tatu asubuhi. Alitarajia kuonja. Alikalishwa juu ya mbuzi akakuna nazi nne. Kisha akakamua kwa kifumbu: tui la kwanza, zito, likawekwa kando, la pili, jepesi, ndilo linalotangulia chunguni. Aliuliza kwa nini. Bibi akamjibu kwamba tui zito likichemka muda mrefu hukatika na kuachia mafuta, hivyo huingia mwisho, kwa moto mdogo, ukikoroga upande mmoja. Kwenye darasa la watalii angepewa tui limeshakamuliwa, na swali lile lisingemjia.

"Jikoni ni mahali pa wanawake."

Nyumbani kila siku, mara nyingi ndiyo. Lakini tembea mji uhesabu: anayekaanga pizza, anayechoma mishikaki, anayekata pweza, anayepika mkate wa ajemi kwenye tanuri, muuza kahawa chungu wa barazani, karibu wote wanaume. Na biriani ya harusi, ile ya masufuria ambayo mtoto anaweza kuogea ndani, mara nyingi hupikwa na mafundi wanaume, uani, kwa kuni, usiku kucha.

Hiyo shughuli, kwa maoni yangu, ndiyo skuli kubwa ya upishi mjini, na haitozi ada. Ukialikwa harusi Unguja, usiende siku ya kula peke yake. Nenda jana yake. Hakuna atakayekuuliza umekuja kufanya nini; utapewa kisu na beseni la vitunguu thomu. Kufikia saa sita za usiku utakuwa umejua vitunguu vya biriani vinakaangwa mpaka rangi gani, nyama inalazwa kwenye maziwa ya mgando kwa muda gani, na kwa nini wali wa biriani hupikwa mbali na masala yake wakati pilau hupikwa chungu kimoja. Utajua pia habari za ukoo mzima, na hizo usizirudie.

"Ramadhani usije, hakuna chakula."

Mchana migahawa mingi imefungwa, na kula hadharani ni utovu wa adabu. Hilo kweli. Lakini hakuna mwezi ambao mji huu unapika zaidi. Baada ya alasiri Darajani hapapitiki: mikate ya kumimina, mkate wa mofa, ajemi, sambusa, kaimati zinazodondoka shira, tambi, mafungu ya muhogo na ndizi za kutia nazi. Majumbani watoto wanatumwa na mabakuli yaliyofunikwa kutoka mlango hadi mlango, na bakuli halirudi tupu. Mwenye kutaka kuonja mikono ishirini kwa wiki moja, aje wakati huo, afunge au ajistiri, na akubali kila anapokaribishwa futari.

Makunduchi nao, kusini mwa kisiwa, Julai kwenye Mwaka Kogwa, sherehe yao ya mwaka mpya, watu hudhani ni onesho la kupigana kwa migomba. Migomba hudumu muda mfupi. Baada yake mila inataka kila nyumba ipate mgeni wa kula naye, na nyumba isiyo na mgeni hujiona ina mkosi. Ukikataa sahani umewakosea kuliko unavyodhani.

"Cha barabarani kitakuumiza tumbo."

Kinaweza, kama cha hotelini. Tazama kitu kinachotoka kwenye moto sasa hivi, penye foleni. Ogopa kilichopikwa mchana kikakaa vuguvugu, kachumbari usiyojua imeoshwa kwa maji gani, na barafu. Urojo nauamini kwa sababu sufuria yake ya rojo la unga, ukwaju na manjano huwa jikoni muda wote; bajia, kachori na chipsi za muhogo hutiwa juu unaposimama. Muuzaji akiwa ameshachanganya kila kitu mapema, pita.

"Wapishi wa zamani wanaficha vipimo."

Binamu alilalamika hivyo siku ya pili. Alikuwa na daftari, kila akiuliza chumvi kiasi gani, anajibiwa "kadiri." Akadhani ananyimwa. Nikamwambia kwamba wazee walikuwa na vipimo vyao kamili, vibaba vinne pishi moja, lakini hivyo ni vya nafaka tu. Kadiri hukaa mkononi. Siku ya tatu bibi alimtazama anavyotia chumvi kwenye mchuzi wa chukuchuku, ule usiotiwa nazi, akaonja kwa kiganja, akanyamaza muda mrefu.

"Kesho njoo saa mbili," akamwambia. "Na hilo daftari lako, liwache kwenu."