Programu Haijui Mkopo Wala Mauzo: Dhana Potofu Kuhusu Kufundisha Uhasibu

Katika madarasa ya jioni ya CPA, cheti cha wahasibu wa kitaaluma, katikati ya Nairobi, ubao hujaa akaunti zenye umbo la T (debiti kushoto, krediti kulia) mapema tu. Mwalimu anatatua swali la mtihani uliopita, wanafunzi wananakili, na wengi wao wametoka kazini moja kwa moja. Utaratibu huu una watetezi wenye hoja nzito: karo ni ghali, muda ni mfupi, na mtihani wa KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu ya Kenya, haumngoji mtu. Hata hivyo, mengi yanayosemwa kupinga mbinu shirikishi, ambapo mwanafunzi hutenda badala ya kusikiliza tu, na zana za kidijitali si kweli, na wanaoumia ni vijana wanaofika ofisini wakiwa na cheti mkononi ilhali hawajawahi kuandaa hesabu za duka hata moja.

“Wakianza kujadiliana, silabasi haitaisha”

Silabasi huishia kwenye daftari la mwalimu. Swali ni imeingia kwa nani. Mwaka 2014 jarida la PNAS la Marekani lilichapisha uchambuzi wa tafiti 225 zilizolinganisha mihadhara mitupu na madarasa ambamo wanafunzi hutenda. Kwa wastani, waliofeli kwenye mihadhara walikuwa karibu asilimia 34, na kwenye madarasa shirikishi karibu asilimia 22. Masomo yenyewe yalikuwa sayansi, uhandisi na hisabati, si uhasibu, kwa hiyo takwimu hizo hatuwezi kuzihamisha zilivyo. Lakini uhasibu nao ni somo la kutatua matatizo hatua kwa hatua, na sioni sababu ya kudhani akili ya mwanafunzi wake hufanya kazi kwa namna nyingine.

Wala haihitajiki saa nzima. Chukua swali hili: duka limelipia pango la miezi 12, shilingi 240,000, tarehe 1 Oktoba, na mwaka wake wa hesabu unafungwa 31 Desemba. Gharama ya pango kwa mwaka huu ni kiasi gani? Kila mmoja aandike jibu lake kimya, kisha ajaribu kumshawishi jirani yake, kisha wote wajibu upya. Utaratibu huu ulienezwa na Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, kuanzia miaka ya 1990, na hauchukui zaidi ya dakika kumi. Aliyeandika 240,000 bado anadhani gharama ni pesa zilizotoka mfukoni. Aliyeandika 180,000 anajua kugawa, ila amechukua pango lililolipwa kabla ya wakati wake akaliita gharama. Jibu sahihi ni 60,000, yaani miezi mitatu ya shilingi 20,000. Makosa hayo mawili yanataka maelezo mawili tofauti, na mwalimu aliyeupa uso ubao jioni nzima hatajua ni lipi liko darasani mwake.

“Mwalimu huyu anaeleza vizuri, nimeelewa kila kitu”

Hii ni dhana ya wanafunzi wenyewe, nayo ni ngumu zaidi kuing’oa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, pia kutoka madarasa ya fizikia ya Harvard, ulipima mambo mawili kwa pamoja: wanafunzi walijifunza kiasi gani, na walihisi wamejifunza kiasi gani. Waliofanya kazi wenyewe walipata alama za juu zaidi, lakini walihisi wamejifunza kidogo kuliko wale waliosikiliza mhadhara uliopangwa vizuri. Kuhangaika na swali huchosha na humfanya mtu ajione mjinga, ilhali maelezo laini humpa raha. Ndiyo maana mwalimu anayebadilisha mbinu bila kuwaeleza wanafunzi sababu huishia kulalamikiwa kwamba hafundishi. Awaambie siku ya kwanza, waziwazi.

“Siku hizi programu inafanya kila kitu, debiti na krediti za nini?”

Hapa ndipo pana hatari kubwa. QuickBooks, Sage na programu nyingine kama hizo hukataa ingizo lisilo na pande mbili sawa. Hazikatai ingizo lisilo kweli. Mwenye hadwea Kamukunji akipokea mkopo wa shilingi 200,000 kwa M-Pesa na karani akauingiza kama mauzo, debiti italingana na krediti, urari (orodha ya kulinganisha debiti na krediti zote) utakaa sawa, na faida itavimba kwa shilingi 200,000 ambazo ni deni.

Au tuchukue VAT ya asilimia 16. Bidhaa imeuzwa kwa shilingi 11,600, kodi ikiwa ndani. Mwanafunzi aliyekariri atazidisha 11,600 kwa asilimia 16 apate kodi ya 1,856 na mauzo ya 9,744. Ukijumlisha, unarudi palepale 11,600, kwa hiyo kila kitu kinaonekana safi. Kumbe kodi halisi ni 1,600 na mauzo ni 10,000, kwa sababu bei hiyo ni asilimia 116 ya mauzo. Mtu akirudia kosa hilo kwenye risiti za mwezi mzima, hesabu za kodi hazitaoana na ankara alizotuma kupitia eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya.

Kwa hiyo mfumo unapofanya zaidi, mwanafunzi anahitaji kuielewa zaidi misingi ambayo mtawa na mwanahisabati wa Italia, Luca Pacioli, aliichapisha Venice mwaka 1494. Zoezi ninaloliamini ni la kinyume: mpe mwanafunzi faili ya programu ambayo tayari ina makosa matano yasiyovuruga urari, ayasake.

“Anayejua Excel hakosei hesabu”

Oktoba 2020 nchini Uingereza, wagonjwa 15,841 wa korona walichelewa kuingia kwenye takwimu za taifa kwa sababu faili za Excel za muundo wa zamani huishia safu mlalo ya 65,536. Kompyuta zilikuwepo, wataalamu pia.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts. Darasani alipewa kazi ya kurudia hesabu za utafiti uliochapishwa. Akachagua utafiti maarufu wa mwaka 2010 kuhusu madeni ya nchi, wa wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, na hesabu zikakataa kutoka. Alipoipata lahajedwali yao aliona fomula ya wastani imeziacha nje nchi tano. Mwaka 2013, pamoja na walimu wake, alichapisha matokeo: baada ya kurekebisha kosa hilo pamoja na data zilizoachwa na namna kila nchi ilivyopewa uzito katika wastani, ukuaji wa uchumi wa nchi zenye deni kubwa ulipanda kutoka asilimia -0.1 hadi 2.2. Lilikuwa zoezi la darasani tu.

“Hatuna kompyuta za kutosha”

Ni kweli vyuo vingi havina. Lakini mbinu shirikishi hazisubiri maabara. Risiti za kiosk zilizokunjamana, daftari la wadeni la mama mboga na taarifa ya M-Pesa vinatosha kujenga leja kuanzia mwanzo hadi mizania, yaani taarifa ya mali na madeni. Ada ya kutuma pesa peke yake ni somo zima: ni gharama ya biashara, na wafanyabiashara wengi wadogo hawaiandiki popote. Ila majina na namba za simu zifutwe kabla karatasi hazijagawiwa, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu pia walimu.

Na anayesema kompyuta si lazima kwa sababu mtihani ni wa karatasi, asome tena silabasi ya CPA iliyoanza 2021: uchanganuzi wa data za biashara ni mtihani wa vitendo, na hufanyiwa kwenye kompyuta.

“Kazi ya kikundi ni mmoja kufanya na wengine kuandika majina”

Hilo hutokea, na mara nyingi. Hutokea kikundi kinapopewa swali moja na alama moja. Mmoja akishika mauzo, mwingine manunuzi, mwingine benki na mwingine mishahara, mizania haifungi mpaka wote wanne walete vitabu vyao, na mwalimu akimwita yeyote mbele aeleze ingizo la mwenzake, kila mtu atakuwa amesoma.