Podikasti darasani: rekodi insha kabla ya kuisahihisha

Walimu wenzangu wengi wanaoanza kurekodi kazi za wanafunzi huiacha rekodi kuwa hatua ya mwisho kabisa. Insha imeandikwa, imesahihishwa kwa kalamu nyekundu, imenakiliwa upya kwa mwandiko safi, kisha mwanafunzi hodari anaitwa aisome kwenye simu ya mwalimu. Ijumaa inachezwa kwenye gwaride, watoto wanapiga makofi, basi. Ni jambo jema, lakini faida kubwa ya podikasti, yaani kipindi cha sauti kilichorekodiwa, imeachwa nje. Mimi nafundisha Kiswahili hapa Kisauni, mjini Mombasa nchini Kenya, na nina neno moja la kuwaambia: rekodi ya kwanza ifanyike mapema, insha ikiwa bado rasimu mbichi, na wa kwanza kuisikiliza awe mwandishi mwenyewe.

Mwanafunzi akipitia kazi yake kwa macho, husoma alichokusudia kuandika. Neno lililoruka hulijaza kichwani, sentensi isiyo na kitenzi huiona imekamilika. Akijisikia kwenye simu, hana pa kujificha. Sentensi ikizidi pumzi, atakwama. Aya ikirudia jambo lile lile, atachoka kabla ya wenzake. Mambo ambayo nimeyaandika pembeni mwa daftari muhula baada ya muhula, "sentensi ndefu mno", "nani anazungumza hapa?", mtoto huyagundua mwenyewe, na akiyagundua mwenyewe huyarekebisha bila kununa.

Tuchukue ugonjwa unaojulikana na kila msahihishaji wa insha: mwanzo uliokaririwa. Msichana mmoja wa Gredi ya 8 aliandika kisa cha kuvuka Likoni kwa feri na mamake, na alianza hivi: "Ilikuwa siku ya Jumamosi ya kufana ambapo jua lilikuwa limechomoza kwa madaha likitandaza miale yake ya dhahabu juu ya uso wa bahari iliyokuwa imetulia tuli kama maji ya mtungini." Kwenye karatasi ilionekana kazi ya mtoto mwenye msamiati. Kwenye simu alivuta pumzi mara mbili kabla ya kufika nukta, na wenzake waliokuwa wakisikiliza hawakujua bado kisa kinamhusu nani. Sikumwambia afute. Nilimwuliza tu: msikilizaji ameona nini kufikia hapa? Rasimu ya pili ilianza: "Feri ilikuwa imejaa. Mama alinishika mkono, kisha akanishika tena kwa nguvu zaidi." Bahari na jua vilikuja baadaye, katika sentensi moja, mahali ambapo msimulizi alikuwa na nafasi ya kutazama.

Naomba nisieleweke vibaya. Sipingi tamathali za usemi wala methali. Ndizo utamu wa lugha yetu. Napinga zile zinazopachikwa kwa sababu mwalimu alizihesabu. Sikio hutambua upesi tashbihi iliyopachikwa na ile iliyozaliwa na kisa.

Kuandikia sikio kuna masharti yake, na ni vizuri wanafunzi wayapate kwa kusikiliza kabla ya kuyapewa kama kanuni. Msikilizaji hana ukurasa wa kurudi nyuma. Kwa hiyo wahusika wakizidi watatu au wanne katika kisa cha dakika nne, atawachanganya. Majina mawili yanayofanana, Amina na Amira kwa mfano, yatamsumbua ingawa kwenye karatasi hayana shida. Kisa kikiruka kutoka leo hadi mwaka jana, mruko huo lazima utangazwe mwanzoni mwa sentensi, si katikati. Maelezo yaliyofungwa ndani ya mabano hayasikiki kuwa ya pembeni. Mazungumzo nayo yanadai kazi: alama za kunukuu hazina sauti, hivyo ama msemaji atajwe mapema, ama kila mhusika apewe msomaji wake. Hapo ndipo darasa lenye watoto zaidi ya hamsini linapogeuka kuwa mali. Nawagawa katika makundi ya watano watano: mwandishi, wasomaji wawili, mshika simu, na msikilizaji ambaye hajaiona insha. Huyu wa mwisho ndiye muhimu kuliko wote. Kazi yake ni kuinua mkono kila anapopotea.

Mji huu haukuanza leo kutunga kwa ajili ya sikio. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, yalitungwa katika Mombasa ya malumbano na majibizano, yakakaa vinywani mwa watu, na ni baadaye sana ndipo Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya. Shairi lisilosomeka kwa sauti lisingefika mbali katika hali ile. Wanafunzi wangu huwaambia wazazi kwamba wanafanya kitu kipya. Nami huwaambia kwamba simu ndiyo mpya, lakini kutunga kitu kitakachosikilizwa barazani ni urithi wao.

Kwenye mazungumzo naruhusu Kimvita, lahaja ya hapa Mombasa. Bibi wa Mji wa Kale katika kisa aseme "Ndoo hapa, mwanangu" na "Babako yuwaja", kwani msikilizaji akimsikia akisema Kiswahili cha taarifa ya habari hatamwamini. Usimulizi ubaki katika Kiswahili sanifu, kwa kuwa mtihani unakidai na watoto wanahitaji mazoezi yake. Kujua ni lini uandike hivi na lini uandike vile ni sehemu ya ufundi, na nimeona wakiushika haraka zaidi kwa kurekodi kuliko kwa mazoezi ya sarufi.

Sasa vifaa. Simu ya kawaida inatosha. Shule nyingi za msingi za umma zilipokea vishikwambi vya serikali kuanzia mwaka 2016, na kama shuleni kwenu vipo kabatini na bado vinashika chaji, navyo vinafaa. Tatizo la madarasa yetu si kipaza sauti, ni chumba. Kuta tupu, sakafu ya saruji na paa la mabati huirudisha sauti mara kadhaa, na mwangwi huo ni vigumu kuuondoa vizuri baada ya kurekodi. Leso zilizotundikwa hupendeza lakini ni nyembamba mno. Kinachosaidia ni kitu kizito: blanketi, godoro, au maktaba ndogo ambamo rafu za vitabu zimezunguka pande zote. Zima feni kabla ya kuanza, funga dirisha la upande wa barabara ya tuktuk, na upange saa ili adhana isiingie katikati ya kisa. Simu iwe kwenye hali ya ndege.

Ishike simu shibiri moja kutoka mdomoni, na uiweke pembeni kidogo, si mbele ya midomo. Hili lina uzito zaidi hapa Mombasa kuliko bara. Wenyeji wa Mvita hutofautisha kwa mpumuo, yaani pumzi inayosukumwa pamoja na konsonanti, paa la nyumba na phaa mnyama, kaa la moto na khaa wa baharini, na mpumuo huo ukigonga kipaza sauti moja kwa moja hutoa mshindo mbaya. Kamwe usimwambie mtoto aache kutamka alivyolelewa, sogeza simu.

Kabla ya kusoma, wote wanyamaze sekunde kumi huku kinasa kikiendelea. Kimya hicho kina kazi. Mimi nahariri kwa Audacity, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2000, ambayo huhitaji sampuli ya kelele tupu ya chumba ili ijue cha kupunguza. Punguza kidogo tu, la sivyo sauti itakuwa kama inatoka ndani ya maji. Baadaye nasawazisha ukubwa wa sauti ufike LUFS 19 chini ya sifuri (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti unaosikika) kwa rekodi ya mono, yaani ya mkondo mmoja wa sauti, kiwango kinachotumiwa na watengenezaji wengi wa podikasti, ili mzazi asilazimike kupandisha na kushusha sauti kutoka msomaji hadi msomaji. Kukata makosa ya ulimi nawaachia wanafunzi wenyewe. Wanafurahi kuona sentensi yao ikiwa mawimbi kwenye skrini, na nukta ikionekana kama pengo.

Muziki usichukuliwe mtandaoni. Nyimbo zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na shule kuiba kazi ya msanii mbele ya watoto ni somo baya. Kayamba la sekunde sita lililopigwa na mwanafunzi linatosha kuwa alama ya kipindi. Sauti za mahali ni za bure: honi ya feri, wauzaji wa soko la Kongowea alfajiri, kunguru. Ila moja kwa kila kisa inatosha. Watoto wakiachiwa wataweka mlio kwa kila kitenzi, na kisa kitafunikwa.

Faili ya mwisho naihifadhi kwa MP3 ya mono, kilobiti 64 kwa sekunde. Hiyo ni karibu nusu megabaiti kwa dakika, ilhali rekodi ghafi ya WAV, isiyobanwa, hula takriban megabaiti tano kwa dakika hiyo hiyo. Insha ya maneno 400, kiwango cha chini kinachotakiwa katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, husomwa kwa dakika tatu hadi nne, hivyo mzazi anayenunua bando la siku anaipata kwa megabaiti mbili hivi. Ukiituma WhatsApp, itume kama hati, si kama ujumbe wa sauti, ili jina la kisa libaki na ubora usishuke. Na insha iliyoandikwa iambatane nayo daima: mzazi au mwanafunzi asiyesikia naye ni msomaji wetu.

Ruhusa ya mzazi ije kwanza, kwa maandishi. Sauti ya mtoto inayoweza kumtambulisha ni taarifa yake binafsi, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto. Kwenye kipindi tunatumia jina la kalamu, bila jina la shule wala mtaa. Kisa kikigusa mambo ya nyumbani, ugomvi, maradhi, deni, kinabaki darasani hata kama ndicho bora kuliko vyote. Mtoto mwenye kigugumizi au mwoga huchagua mwenyewe wa kumsomea, na jina la mtunzi linabaki lake.

Wazazi huniuliza kama haya yote hayali muda wa mtihani, ambao mwisho wa yote ni karatasi na kalamu. Yanakula vipindi viwili vya dakika 40 kwa kila insha: kimoja cha rekodi mbichi na kuandika upya, kingine cha rekodi ya mwisho. Uhariri wa sauti hufanywa katika chama cha wanafunzi baada ya masomo. Vipindi hivyo viwili nilikuwa nikivitumia kurudisha madaftari na kueleza makosa ubaoni, huku nusu ya darasa ikitazama nje.

Alama nazo nimezibadilisha. Usomaji mzuri haupati nyingi, kwani kipaji cha sauti si uandishi, na simu nzuri haipati hata moja. Nasikiliza rekodi mbichi, halafu ya mwisho, nikiwa na rasimu zote mbili mkononi. Natafuta sentensi zilizokatwa, mhusika aliyeondolewa, mwanzo uliosogezwa karibu na kisa. Mwanafunzi huandika chini ya rasimu ya pili mistari mitatu: nilibadilisha nini, nilisikia nini kilichonifanya nibadilishe, na wapi msikilizaji wangu aliinua mkono. Mistari hiyo mitatu ndiyo ninayoisahihisha kwanza.