Miwani ya VR kwa waliokatwa mguu: msiuze kiwanja kwanza

Siku hizi kwenye idara yetu ya mazoezi tiba watu wanakuja na klipu kwenye simu, kuna jamaa amevaa miwani ya VR, ile inayoziba macho na kukuonyesha picha za kompyuta kama vile upo humo, anauona mguu wake uliokatwa umerudi, anapiga mpira, na chini ya klipu kuna namba ya kununulia. Ndugu wameshakaa kikao wanataka kuuza kiwanja ili baba anunuliwe. Naomba msiuze kitu kwanza, tuelewane.

Tuanze na maumivu maana ndiyo yanawasukuma wengi. Mtu kakatwa mguu kwa ajali ya bodaboda au kisukari, kidonda kimepona vizuri, halafu usiku analalamika vidole vinawaka moto na kisigino kinawasha. Hajachanganyikiwa. Ubongo bado unautambua ule mguu, unaamuru vidole vikunjuke, hakuna taarifa inayorudi, na mishipa ya fahamu iliyokatwa nayo inaendelea kupiga kelele. Ambroise Paré, daktari wa upasuaji wa Ufaransa, aliyaandika haya tangu karne ya 16. Kwa hiyo jamani, hili la kwamba mguu ulizikwa vidole vikiwa vimejikunja ndiyo maana unauma, tuliache. Tunalisikia karibu kila kliniki na tunalijibu kila kliniki, na wakati familia inajadili kwenda kufukua, mgonjwa hanywi dawa wala hafanyi mazoezi.

Kinachosaidia kwanza ni kioo. Kioo cha kawaida, kile cha kujitazamia urefu mzima. Unakaa, unakiweka katikati ya mapaja, upande unaong'aa uutazame mguu mzima na kigutu, yaani kipande kilichobaki cha mguu uliokatwa, kijifiche nyuma, halafu unakunja na kukunjua vidole taratibu huku unaangalia kwenye kioo, na ule usiokuwepo nao unaujaribisha hivyo hivyo. Mwaka 2007 madaktari wa hospitali ya jeshi ya Walter Reed kule Marekani walitoa matokeo ya jaribio dogo la waliokatwa mguu, dakika 15 kwa siku kwa wiki 4, na wote 6 waliotumia kioo maumivu yalipungua, wakati wenzao waliofunikiwa kioo wengi hawakupata nafuu.

VR inafuata njia hiyo hiyo, ila picha ya mguu inatengenezwa na kompyuta. Inapokizidi kioo kweli kweli ni kwa mtu aliyekatwa miguu yote miwili, huyo hana mguu wa kuakisi, na hapo naiunga mkono bila kusita. Pia inasaidia mazoezi ya kutembea. San Antonio, Marekani, kuna kituo cha Center for the Intrepid, kilifunguliwa 2007 kwa ajili ya wanajeshi waliojeruhiwa, mgonjwa anatembea kwenye tredimili iliyo juu ya jukwaa linaloyumba, mbele yake skrini kubwa inaonyesha njia, na mwili umefungwa mkanda unaoning'inia juu. Angalieni huo mkanda. Pamoja na wataalamu wote wale bado wanamfunga, halafu wewe unamvalisha mzee miwani inayoziba macho sebuleni, kasimama kwa mguu mmoja, meza ya kioo iko pembeni!

Hapo lazima niwe mkali kidogo. Akianguka akakigonga kigutu, mshono unaweza kuachia na mguu wa bandia ukasubiri tena miezi. Mwenye kifafa asivae kabla ya kuongea na daktari, na ukisikia kichefuchefu au kizunguzungu vua hapo hapo, usijikaze. Mazoezi ya VR yafanyike umekaa, mpaka fizio wako, yaani mtaalamu wa mazoezi tiba, aseme vingine.

Na miwani haiwezi kunyoosha goti lililojikunja. Bado tunakuta mto chini ya goti, mgonjwa amewekewa na watu wanaompenda, na baada ya wiki kadhaa goti linagoma na mguu wa bandia haukai. Toeni mto. Bandeji ya kuvuta ya kwenye kigutu ifungwe kwa kukaza zaidi kwenye ncha na kulegea kadiri unavyopanda. Wataalamu wa viungo bandia wapo, chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC Moshi kinawafundisha tangu 1981, kwa hiyo ulizeni hospitali ya rufaa iliyo karibu kabla ya kumuuliza muuzaji wa mtandaoni.

Mkija, leteni barua ya rufaa, karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini yenye tarehe ya upasuaji, kadi ya bima kama ipo, na kiatu cha mguu uliobaki, hiki kiatu wengi wanakisahau na bila hicho urefu wa mguu wa bandia haupimiki sawasawa. Fungueni faili kwanza mapokezi ndipo mje kwetu, msipitie mlango wa nyuma.

Kuhusu wauzaji: kifaa kikitangazwa kwamba kinatibu, kinaingia kwenye vifaa tiba, na vifaa tiba viko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, kwa Sheria Sura ya 219. Kuuza ambacho hakijasajiliwa ni kosa la jinai, na kisingizio cha "mimi nauza gemu tu" hakisaidii kama tangazo lako linaahidi kuponya. Ukishauziwa usitupe boksi. Tunza risiti, ujumbe wa malipo na lile tangazo lenyewe, upeleke ofisi ya kanda ya TMDA, kwa sababu bila hivyo vitu malalamiko yanakosa pa kuanzia.