Doa la leo, maambukizi ya wiki iliyopita

Doa refu la kijivu kwenye jani la mahindi, lenye umbo la mtumbwi na urefu wa sentimita 2.5 hadi 15, ni ugonjwa wa baka jani. Kuvu wake, Exserohilum turcicum, aliingia wiki moja au mbili nyuma, jani lilipolowa kwa saa 6 au zaidi kwenye joto la nyuzi 18 hadi 27. Huku Mwanza, masika huleta usiku kama huo mfululizo. Doa la Cercospora, kuvu mwingine, ni tofauti: jembamba, la mstatili, limebanwa katikati ya mishipa. Ukiwa na shaka, fungia kipande cha jani kwenye kopo lenye kitambaa kibichi, ukalale. Asubuhi baka jani huwa limeota vumbi jeusi. Hizo ni spora, yaani mbegu za kuvu.

Mmea nao hupigana. Seli zake hutambua kaitini ya ukuta wa kuvu na ndani ya dakika chache humwaga hidrojeni peroksaidi, kisha kuta zake hukazwa kwa lignini, ile inayofanya mbao kuwa ngumu. Silaha ya ajabu zaidi ni DIMBOA, sumu ya mahindi yenyewe: hutunzwa ikiwa imefungwa na sukari, haidhuru. Seli ikipasuka, kimeng'enya hukata ile sukari na sumu huwa kali papo hapo. Ila DIMBOA hujaa kwenye miche na kupungua mmea ukikomaa, ilhali baka jani hushika kasi karibu na kuchanua. Hapo mmea hutegemea sumu zinazotengenezwa upya, zealeksini na kauraleksini, pamoja na vinasaba vya ukinzani. Na usidhani sumu nyingi ndiyo kinga: kinasaba Htn1 huchelewesha madoa huku sumu za kundi la DIMBOA zikipungua! Mbegu yenye kinasaba kingine, Ht1, nayo hutoa doa la njano lenye spora chache, usiilaumu.

Majani ya kulinda ni lile lililoshika hindi na yaliyo juu yake, maana ndiyo hujaza punje. Madoa yakifika jani la tatu chini ya hindi kabla ya mbelewele, na mvua bado ipo, pulizia dawa ya kuvu, azoksistrobini yenye difenokonazoli, kwa kipimo cha lebo, mbelewele zinapotoka. Ukichelewa hadi majani ya juu yakauke, umepulizia hela; dawa haifufui jani lililokufa.

Kuvu hulala kwenye mabua, kwa hiyo yafukie, msimu ujao upande dengu, choroko au viazi vitamu. Mtama usiuweke hapo, nao hushikwa na baka jani.