Kunakili kazi ya gwiji si kudanganya

Wengi huamini kwamba anayejifunza uchoraji kwa kunakili kazi ya gwiji anaua ubunifu wake. Si kweli hata kidogo. Mchoraji Peter Paul Rubens alikuwa tayari na jina kubwa Ulaya alipoirudia, mnamo 1630 hivi, sehemu ya kazi ya Andrea Mantegna, gwiji wa Italia aliyemtangulia: turubai 9 za msafara wa Julius Caesar akiingia Roma kwa shangwe za ushindi. Aliwachukua tembo waliobeba vinara vya moto, akawatia uhai zaidi, na nyuma yao akaweka mandhari yake mwenyewe.

Kinachodumaza ni kufuatisha mistari tu. Picha ya sherehe ina umati, na ukianza na nyuso utapotea. Fumba macho nusu hadi uone mafungu mawili, giza na mwanga. Yapake kwa kahawia nyepesi, uache ikauke. Ukitumia rangi ya mafuta, joho jekundu lipake tabaka jembamba, kivuli cha chini kiendelee kuonekana. Hapo ndipo mkono huanza kuelewa.

Jumba la makumbusho la Louvre, Paris, huwaruhusu wanaonakili. Sharti nakala isilingane ukubwa na kazi ya asili.