Goti Linauma, Halafu Mnaniambia Nitembee? Maswali na Majibu Kuhusu Vikundi vya Kutembea

Wengi wanaoletwa kwenye chumba chetu cha mazoezi tiba hawaji kwa sababu goti limeanza kuuma. Goti lilianza kuuma zamani. Wanakuja kwa sababu wamekaa kwenye kochi mwaka mzima, na sasa hata chooni hawaendi mpaka washikwe mkono. Ndiyo maana tunawahimiza wazee na kina mama wa mitaani waanzishe vikundi vya kutembea. Haya ndiyo maswali tunayoulizwa kila mara.

Ugonjwa wa viungo ni nini hasa?

Ni maumivu na ugumu kwenye maungio: magoti, nyonga, vidole, mabega. Tunaokutana nao zaidi ni wa kusagika kwa gegedu, yaani ile nyama ngumu yenye uso laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo. Huja na umri, uzito, au jeraha la zamani. Baridi yabisi ni kitu kingine: kinga ya mwili inashambulia viungo vya mwili huohuo, mara nyingi vidole vya mikono yote miwili, na asubuhi vinakaza kwa saa nzima au zaidi. Jongo huanza ghafla, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu, kwa sababu ya asidi ya yuriki iliyozidi. Zipo aina nyingine. Hizo muachie daktari.

Goti likiuma, si ndiyo mwili unaniambia nipumzike?

Hapana. Siku mbili tatu likiwa limechachamaa, sawa, punguza kazi. Miezi mitatu, hapana. Mwaka, hapana kabisa.

Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake kinatoka kwenye ute uliomo ndani ya kiungo. Ukikanyaga linaminywa, ukiinua mguu linaachia na kufyonza ute, kama sifongo. Ukikaa tu, hakuna kinachoingia wala kinachotoka. Wakati huohuo misuli ya paja inanyauka, na hiyo ndiyo inayolibeba goti. Mkalishe mtu miezi sita halafu umpime paja kwa futikamba, utaona lilivyopungua. Akisimama, mzigo wote unaangukia kwenye kiungo, kinauma zaidi, anarudi kukaa. Hapo ndipo watu wanapopotelea.

Lakini eksrei imeonyesha magoti yamesagika. Nikitembea si nitayamaliza?

Swali hilohilo kwa nguo nyingine, na jibu ni lilelile: hapana. Kutembea kwa mwendo wa kawaida kwenye njia tambarare hakulimalizi goti. Na picha isikutishe. Tuna watu ambao picha zao ni mbaya na bado wanakwenda sokoni kwa miguu, na wengine picha zao ni nzuri lakini hawanyanyuki. Picha inaonyesha mfupa, haionyeshi nguvu ya paja.

Watoto wangu wamenikataza kufanya chochote. Wanasema nimechoka, nipumzike.

Hapa niseme na watoto wenyewe. Mama anataka kwenda jikoni, mnamwambia kaa. Anataka kufagia uwanja, mnamnyang'anya ufagio. Maji ya kunawa mnamletea kwenye beseni palepale alipo. Mnadhani ni heshima. Mnamfunga miguu. Mwacheni anyanyuke akafuate maji mwenyewe, ninyi mkae karibu asianguke. Shikamoo na chakula kizuri vinatosha kwa heshima.

Nasikia maji ya bamia yanarudisha ute wa magoti.

Ute wa bamia unaishia tumboni na kusagwa kama chakula kingine chochote. Haushuki magotini. Bamia ni mboga nzuri, ipike ule na ugali.

Je, sindano na vidonge vya duka la dawa?

Diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, ikitumiwa siku chache kwa ushauri wa daktari inasaidia. Kuimeza kila siku kwa miezi, huku una presha au figo zako hujazipima, ni kutafuta vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Kinachonikera zaidi ni dawa za steroidi, prednisoloni na deksamethasoni, zinazouzwa kama pipi. Maumivu yanapotea siku hiyohiyo, mtu anafurahi, anarudia. Baada ya miezi uso umevimba mviringo, sukari imepanda, mifupa imekuwa dhaifu. Kama umeshazitumia muda mrefu usiziache ghafla, njoo hospitali tukupunguzie taratibu.

Kwa nini kikundi? Si naweza kutembea peke yangu?

Unaweza, ila hutembei. Peke yako siku ya tatu goti likiuma kidogo unarudi kitini. Kwenye kikundi jirani atakupitia mlangoni.

Marekani, taasisi ya Arthritis Foundation ina mpango wa wiki sita, watu wenye ugonjwa wa viungo wanatembea siku tatu kwa wiki wakiwa na kiongozi aliyefundishwa, na kila mkutano una mazungumzo mafupi kuhusu ugonjwa, kupasha misuli joto, kutembea, kisha kunyoosha viungo. Hakuna mashine wala ada kubwa ndani yake. Hata mtaa wa Mbagala unaweza kufanya hivyo.

Tunaanzaje mtaani kwetu?

Msianze na fulana. Nimeona uzinduzi wenye mgeni rasmi, ngoma na maturubai, na wiki ya pili hakuna mtu uwanjani. Anzeni na watu ambao tayari wanakutana: VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), jumuiya ya kanisa, kina mama wa madrasa. Mjulisheni mwenyekiti wa mtaa, kisha mwombeni nesi wa zahanati aje siku ya kwanza apime presha na sukari, na awakague miguu wenye kisukari, maana wao wanaweza kupata kidonda wasikisikie.

Njia itembeeni kwanza ninyi viongozi. Iwe tambarare, mbali na bodaboda, yenye kivuli, choo, na mahali pa kukaa kila baada ya dakika chache. Uwanja wa shule ya msingi unatosha. Alfajiri waachieni vijana wa jogging. Mwenye viungo vigumu anahitaji muda wa kuamka mwilini. Saa kumi na moja jioni ni nzuri zaidi, jua limepoa.

Viongozi wawe wawili. Mmoja anakaa nyuma ya mtu wa mwisho na hampiti kamwe. Wa mbele anafuata mwendo wa mnyonge wa kikundi, siyo wake. Kikundi kinachomwacha mzee mmoja nyuma leo, wiki ijayo kitakuwa kimempoteza.

Siku ya kwanza nitembee kiasi gani?

Dakika tano mpaka kumi. Basi. Ongeza dakika mbili tatu kila wiki mpaka ufike thelathini. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, lakini hizo utazifikia, hazikufikii siku moja. Mwendo uwe wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Maumivu kidogo wakati wa kutembea yanaruhusiwa. Kama saa mbili baada ya kumaliza unaumwa kuliko kabla hujaanza, mara ijayo punguza. Nimesema punguza, sikusema acha.

Kandambili hapana. Raba ya mtumba yenye soli laini inatosha. Na fimbo, jamani, fimbo: karibu kila mtu anaishika upande wa goti bovu. Ishike mkono wa upande wa goti zima, na iwe na urefu wa kufika kwenye kifundo cha mkono ukiwa umesimama na mkono umening'inia. Fimbo na mguu mbovu vinakwenda mbele pamoja.

Uzito nao una shida?

Una shida kubwa. Kila kilo moja unayopunguza, goti linapunguziwa mzigo wa karibu kilo nne kwa kila hatua. Soda na chapati za kila asubuhi zihesabu mwenyewe.

Kuna mtu asiyepaswa kutembea?

Yupo, na hapa sitanii. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto, chekundu, hukiwezi kukikunja, na hasa ukiwa na homa: usitembee, usikande kwa maji ya moto, usichuliwe, usichanjwe chale. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo, na usaha unakula gegedu kwa siku chache tu. Anayeletwa baada ya wiki mbili za kuchuliwa kwa mafuta ya nazi mara nyingi kiungo kimeshakufa.

Na vidole vikivimba na kukaza asubuhi kwa zaidi ya wiki sita, usiseme ni baridi ya mvua. Baridi yabisi ina dawa, na dawa hiyo inafanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema, kabla vidole havijapinda.

Bibi yetu ana miaka miwili hajatoka nje. Si ameshachelewa?

Hajachelewa, ila hataanzia uwanjani. Mwekeni kwenye kiti kigumu chenye mikono, anyanyuke na kukaa mara tano, asubuhi na jioni, mmoja wenu akiwa mbele yake. Wiki ijayo atembee mpaka mlangoni, wiki inayofuata mpaka kwa jirani. Kikundi kikipita jioni, kipite kwenu, asimame mlangoni na fimbo yake kikimsubiri.