Zuio kutoka Westminster: majaji wa mfalme na mahakama za kanisa

Katika Uingereza ya mwanzoni mwa miaka ya 1600, mkulima aliyekataa kutoa zaka kwa kawaida aliitwa kwenye mahakama ya askofu. Huko huko ziliamuliwa kesi za ndoa, wosia, uzinzi na kashfa, kwa sheria za kanisa, bila juri, yaani raia 12 wanaopima ukweli.

Lakini mkulima huyo aliweza kukimbilia Westminster, zilipokaa mahakama za mfalme za King's Bench na Common Pleas, akadai kuwa shauri lake halilihusu kanisa. Pengine wanakijiji, tangu enzi za mababu, walimlipa kasisi fedha kidogo badala ya nafaka. Desturi ya namna hiyo majaji wa mfalme waliiona ni suala lao. Au alidaiwa zaka ya miti mikubwa ya mbao, ambayo sheria ya 1371 ilikwisha kuisamehe. Wakiridhika, walitoa amri ya zuio, ileile ambayo Mahakama Kuu za Kenya na Tanzania bado zina uwezo wa kuitoa, na kesi ikasimama. Kwenye mashauri ya zaka, sheria ya 1549 ilimtaka mwombaji alete mashahidi wawili ndani ya miezi 6. Akishindwa, shauri lilirudi kanisani.

Wengi hudhani majaji waliwawinda maaskofu. Kumbe aliyeomba zuio kwa kawaida alikuwa mdaiwa, na wapo waliotaka tu kumchosha mpinzani. Mahakama nazo zilikula ada.

Mwaka 1605 Askofu Mkuu Richard Bancroft alipeleka malalamiko dhidi ya mazuio haya kwa Baraza la Mfalme. Upande wake ulishikilia kuwa majaji wote ni wawakilishi wa mfalme, basi mfalme mwenyewe aamue mipaka. Edward Coke, jaji mkuu wa Common Pleas tangu 1606, alikataa: kesi huamuliwa kwa elimu ya sheria inayochukua miaka kuipata, si kwa akili ya kuzaliwa, hata iwe ya mfalme. Coke aliandika kwamba alimjibu hivyo mfalme James I ana kwa ana. Barua ya wakati ule inasema Coke alianguka chini kuomba radhi. Mimi naiamini barua, ila mazuio hayakukoma.

Chombo kilichochukiwa zaidi kilikuwa Tume Kuu ya kanisa, iliyowaapisha watu wajibu maswali kabla hawajaelezwa tuhuma. Bunge liliifuta mwaka 1641. Mirathi na kesi za ndoa zilibaki mikononi mwa mahakama za kanisa hadi 1857.